Mhuni, Stelingi na Mtoto wa Jaji: Vijana na Maadili ya Wazee katika Sinema za Awali za Tanganyika

Neno mhuni limesafiri mbali katika Kiswahili. Katika matumizi yake ya zamani lilimtaja mtu asiye na makao maalumu, mtembezi, na aghalabu mtu ambaye hajaoa wala kuolewa. Halikuwa neno la sifa, lakini kiini chake kilikuwa hali ya mtu katika jamii kuliko tabia yake: mhuni ni yule ambaye hajashikwa na nyumba. Kufikia miaka ya 1930 na 1940 maofisa wa serikali ya Tanganyika walikwisha kulichukua neno hilohilo, bila hata kulitafsiri, na kuliandika katika taarifa zao za Kiingereza kwa kuwataja vijana wa Kiafrika waliokuwa mijini pasipo kazi ya mshahara. Mwaka 1944 ikapatikana sheria ya kuwaondoa mijini watu “wasiotakiwa” na kuwarudisha makwao. Neno lililoanza kwa kumwelekea kapera likaishia kumwelekea mhalifu, na kijana ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutokuwa na mke, ng’ombe wala mwajiri akajikuta ndani ya neno ambalo maana yake imebadilishwa na wengine.

Katika miongo hiyohiyo sinema iliingia Tanganyika, na mhuni akawa mmoja wa wahusika wake wa kwanza. Aliingia kwa milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa wa serikali na misioni, ambao ulimleta kijana aliyepotoka ili wengine wamtazame na kuogopa. Mlango wa pili ulikuwa wa biashara, ambao ulimleta kijana aliyepotoka ili wengine wamtazame na kumpenda. Watafiti wa historia ya sinema wameizungumzia kila milki kwa upande wake. Jambo ambalo halijatazamwa vya kutosha ni kwamba hadhira mara nyingi ilikuwa moja, na kwamba hadhira hiyo ilikuwa na mgogoro wake yenyewe kati ya vijana na wazee, mgogoro ambao ulikuwapo kabla turubai jeupe halijatundikwa baina ya miti miwili.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mgogoro huo uliandikwa kwa makini huko katika miaka ileile. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938. Katika kitabu cha Monica Wilson kilichotoka 1951, na tena katika kile cha 1977 kuhusu wanaume na wazee, unaonekana mfumo ambao wageni wengi waliushangaa. Mvulana wa umri wa miaka kumi hivi aliondoka kulala katika nyumba ya baba yake akaenda kujenga pamoja na wenzake wa rika lake kijiji chao wenyewe pembeni. Waliishi pamoja, wakala pamoja, na fadhila iliyothaminiwa kuliko zote iliitwa ukwangala, yaani kuwa na wenzako kwa furaha na adabu. Baadaye, katika sherehe kubwa ya ubusoka, wazee wa kizazi kilichotangulia waliwakabidhi vijana hao nchi.

Kwa juu juu mfumo huo unaonekana kuwapa vijana uhuru mkubwa. Lakini ng’ombe walikuwa wa akina baba. Kijana alilima shamba la baba yake, akala kwa mama yake, na hakuweza kuoa mpaka baba atoe ng’ombe wa mahari. Wasichana waliolewa mapema, wavulana walichelewa sana, na wazee wenye ng’ombe wengi waliendelea kuoa. Hapana haja ya kuipamba hali hiyo. Maadili ya wazee yaliyohimiza subira na utii yalikuwa maadili kweli, yaliyoshika jamii pamoja na kuwalea watoto. Yalikuwa pia utaratibu wa kugawana wake na mifugo ambao mgawaji alijikumbuka kwanza. Kijana aliyejua mambo haya mawili kwa pamoja alikuwa na sababu ya kutafuta njia ya tatu, na njia hiyo ilikuwa mshahara.

Njia za mshahara zilipita pande mbili. Upande wa magharibi palikuwa na machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na mbele yake Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini. Upande wa kaskazini mashariki palikuwa na mashamba ya katani ya Morogoro na Tanga, ambako Wabena na majirani zao walikwenda kwa maelfu. Rujewa, katika tambarare ya Usangu, ipo katikati ya pande hizo mbili. Nchi ya Wasangu, iliyokuwa chini ya watemi wa ukoo wa Merere, ilikuwa nchi ya mifugo na baadaye ya mpunga, na Rujewa yenyewe ikakusanya watu wa kila namna: Wasangu, Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, na Wabulushi ambao wazee wao walifika bara katika zama za Usultani wa Zanzibar. Katika mahali kama hapo Kiswahili hakikuwa lugha ya shule tu. Kilikuwa lugha ambayo kijana alitoka nayo nyumbani na kurudi nayo ikiwa imebeba maneno mapya.

Mmoja wa watu walioyatazama mashamba ya katani kwa jicho la picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Katika miaka ya 1920 alikuwa msimamizi wa shamba, na aliona kwamba burudani ya sinema ingeweza kuwatuliza na kuwaridhisha wafanyakazi. Wazo lake lilikutana na lile la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, ambaye mwaka 1933 alihariri uchunguzi juu ya athari za migodi ya shaba katika maisha ya Waafrika, na aliyesumbuliwa na pengo lililokuwa likipanuka kati ya kijana aliyekwenda mgodini na mzee aliyebaki kijijini. Kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, na pamoja na G. C. Latham aliyekuwa mkurugenzi wa elimu Rhodesia ya Kaskazini, ukaanzishwa mradi wa majaribio wa sinema za elimu kwa Wabantu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, juu ya mashamba ya katani ya Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 mradi huo ulitengeneza filamu zipatazo 35, fupi fupi, za milimita 16, ambazo sauti yake iliwekwa kwenye sahani za santuri ili iweze kubadilishwa kwa lugha mbalimbali. Gari la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda.

Nyingi kati ya filamu hizo zilihusu minyoo ya tumbo, ngozi za ng’ombe, kahawa, mmomonyoko wa udongo. Chache zilikuwa na hadithi, na katika hizo chache ndimo kijana anamoonekana. Ile ya akiba ya benki ya posta inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna zaidi ya walichokusudia waliyoitengeneza. Vibarua wawili wanapokea mishahara yao shambani. Mmoja anaifukia fedha yake ardhini, mwizi anaichimbua. Wa pili anaipeleka posta, anapewa kitabu, na fedha yake inabaki salama. Hadithi ni rahisi, ya mwerevu na mpumbavu, na ngano za Kiafrika zina jozi za namna hiyo tele. Waliyoitunga walijua kwamba watazamaji wangeitambua mara moja.

Lakini mpumbavu katika filamu hii ni nani? Kufukia mali ardhini haikuwa tabia ya wahuni. Ilikuwa ndiyo desturi ya watu waangalifu, waliofunzwa na wazee wao. Mwerevu, kwa upande mwingine, ni kijana aliyeikataa desturi hiyo akamwamini karani asiyemjua. Kwa maneno mengine, filamu iliyokuja kwa jina la nidhamu na uwekevu ilimsifu kijana kwa kutowafuata wazee. Zaidi ya hayo, kitabu cha posta kilikuwa mali ya mtu mmoja. Ng’ombe hafichiki: anaonekana na kila mtu, na baba, wajomba na ndugu wote wana neno la kusema juu yake. Fedha iliyoandikwa kwenye kitabu kidogo chenye jina la kijana haina mjomba. Kijana wa Rungwe au Usangu aliyerudi nyumbani na kitabu cha namna hiyo aliweza kununua ng’ombe wake mwenyewe, kuoa bila kungoja zamu, na kumwacha baba yake akiwa na hadhi lakini bila rungu. Ndivyo ilivyokuwa kote Nyanda za Juu: fedha ya ujira ilitoboa mfumo wa mahari kabla ya hoja yoyote ya maadili kufika.

Kwa hiyo si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba sinema ya kikoloni ilikuwa upande wa wazee dhidi ya vijana. Ilitaka utii, lakini utii uliohamishwa: kutoka kwa baba kwenda kwa daktari, bwana shamba, karani wa posta na mkuu wa wilaya. Wazee wa nyumbani walipotajwa kwa heshima, ilikuwa pale tu ambapo kijana alikuwa ameondoka kabisa katika mikono yote miwili na kuwa mtu wa mjini. Filamu iitwayo Gumu, ya kijana wa shamba anayeingia katika vishawishi vya mji, ni ya aina hiyo. Jina lake ni kivumishi kilichosimama peke yake, bila nomino, na msikilizaji anabaki anajiuliza ni kitu gani hasa kilicho kigumu: maisha, mji, au moyo wa kijana mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya wakati ule yanalipita haraka. Maonyesho ya gari la sinema hayakuwa picha tu. Sahani za santuri ziliharibika, lugha hazikutosha, na mara kwa mara alihitajika mtu wa kusimama na kueleza. Baada ya vita, magari ya serikali yaliyopita vijijini yalifanya jambo hilo kuwa utaratibu: mfasiri alishika kipaza sauti na kuzungumza wakati picha inakwenda. Mfasiri huyo kwa kawaida alikuwa kijana aliyesoma, mwenye kaptura iliyopigwa pasi. Wazee walioketi mbele kwa heshima ya umri wao walimsikiliza kijana asiyekuwa na mke akiwafundisha jinsi ya kuchimba choo. Hata kama filamu yenyewe ilikuwa inahubiri heshima kwa wakubwa, mpangilio wa uwanja ulikuwa umekwisha kuupindua mfululizo wa nani aseme na nani anyamaze.

Watengenezaji wa filamu za serikali walikuwa na nadharia yao kuhusu mtazamaji wa Kiafrika. William Sellers, aliyeanza kazi hiyo Nigeria na kisha akaongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa 1939, alishikilia kwamba picha ziende polepole, zisirukeruke kutoka mahali hadi mahali, na zisiwe na ujanja wa kamera, kwa kuwa mtazamaji asingeelewa. Kisa cha watazamaji walioonyeshwa filamu ya usafi na wakasema wameona kuku tu kilisimuliwa mara nyingi hata kikaingia katika kitabu cha Marshall McLuhan cha 1962. Wasimulizi wake hawakujiuliza kama watazamaji hao walikuwa wanajibu kwa kejeli. Jamii yenye mafumbo, vitendawili na misimu ya utani kati ya makabila inajua vizuri namna ya kumjibu mgeni anayeuliza “Mmeona nini?” baada ya kuwaonyesha takataka zao wenyewe.

Nadharia hiyo inakosa mashiko zaidi inapowekwa kando ya yaliyokuwa yakitokea Ukanda wa Shaba wakati huohuo. Katika makazi ya wafanyakazi wa migodi, ambako Wanyakyusa na watu wengine wa kusini magharibi mwa Tanganyika walikuwapo kwa wingi, zilionyeshwa filamu za Kimarekani za wapanda farasi, zenye mikato ya haraka kuliko kitu chochote ambacho Sellers angekiruhusu. Vijana walizipenda mno. Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya katika miaka ya 1950, aliona jinsi walivyoigiza ngumi, kofia na mwendo wa mashujaa wao, na jinsi shujaa yeyote, awe ameigizwa na nani, alivyoitwa kwa jina moja tu, Jack. Wazee, wamisionari na maofisa walikubaliana katika jambo moja adimu: kwamba picha hizo zinawaharibu vijana. Sababu zao zilitofautiana. Mzee alichukia kuona watu wazima wakibusiana hadharani. Ofisa aliogopa Mwafrika amwone mzungu akiiba, akilewa na kupigwa.

Tanganyika nayo ilikuwa na jina lake la jumla. Stelingi ni neno lililotokana na lile la Kiingereza ambalo kwenye mabango lilitangulia majina ya waigizaji wakuu. Watazamaji hawakulichukua kama kitenzi. Walilifanya nomino, wakalipa mtu mmoja, na kulizunguka wakajenga kanuni: stelingi hafi. Kwa mtazamo wa isimu ni mfano mzuri wa neno la mkopo kuzaliwa upya, lakini uzito wake si wa kisarufi tu. Ngano ya sungura ina mhusika mwerevu. Utenzi una shujaa wa dini au wa ukoo. Stelingi ni kitu tofauti. Hana ukoo unaojulikana, anaingia mjini peke yake, hana mke, hana makao, na bado ndiye ambaye hadhira nzima inataka ashinde. Ukizitoa sifa hizo moja moja na kuziweka mezani, zinalingana na maana ya zamani ya neno mhuni karibu kwa kila kipengele. Vijana walikuwa wamepata jina jipya kwa mtu yuleyule, na mara hii jina lilitoka kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu kuchukua njia ya kati. Iliialika kampuni ya Afrika ya Kusini, African Film Productions, kutengeneza filamu za hadithi za Kiswahili ambazo zingewavutia watu wa mijini bila kuwafundisha uovu. Miongoni mwake ni Muhogo Mchungu, inayomweka mtu wa shamba katika mikono ya wajanja wa mji, pamoja na Chalo Amerudi na Dawa ya Mapenzi. Hata majina peke yake yanaonyesha ramani ya maadili yake. Muhogo mchungu ni chakula kinachoua kisipotayarishwa vizuri, na mji nao ndivyo ulivyofikiriwa. “Amerudi” ni kitenzi ambacho maofisa walikipenda kuliko vyote.

Mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyezaliwa wilaya ya Songea mwaka 1926 na kusoma Tabora, aliyekuwa mtumishi katika kazi za ustawi wa jamii. Si jambo dogo kwamba mtu wa kwanza Mtanganyika kujulikana kwa sura yake kwenye sinema ya Kiswahili alikuwa huyu, ambaye mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, na mwaka 1962 Waziri Mkuu. Filamu iliyotaka kumwonyesha kijana wa shamba anavyodanganywa mjini iliigizwa na kijana ambaye, nje ya turubai, alikuwa anajifunza namna ya kuwaunganisha watu wa aina hiyo wasidanganywe tena. Serikali haikuweza kudhibiti tofauti kati ya mhusika na mwigizaji, na hadhira iliyoijua sura ya Kawawa kwenye picha ilikuja kuijua kwenye mikutano.

Hata hivyo, filamu iliyoyatikisa maadili ya wazee kuliko zote katika pwani ya Afrika Mashariki haikutoka Vugiri, Johannesburg wala Hollywood. Ilitoka Bombay. Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ilionyeshwa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine tena na tena. Laura Fair, ambaye kitabu chake Reel Pleasures cha 2018 ndicho uchunguzi mpana kuliko wote juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, aliwakuta wazee wa Zanzibar ambao nusu karne baadaye bado waliweza kuisimulia kwa machozi. Majumba ya sinema yalikuwapo pia Iringa na Mbeya. Mtu wa Rujewa aliyetaka kuketi ndani ya jumba badala ya kungoja gari la serikali ilibidi asafiri hadi mmoja wa miji hiyo.

Hadithi yake ni hii. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na wa mwungwana awe mwungwana. Kwa imani hiyo aliwahi kumfunga mtu asiye na hatia, Jagga, ambaye kwa kulipiza kisasi anamteka mke wa jaji kisha anamwachia. Mke anaporudi akiwa mjamzito, jaji anamshuku na kumfukuza usiku wa mvua. Mtoto, Raj, anakulia katika vibanda vya Bombay na kufundishwa wizi na Jagga yuleyule. Ukubwani anampenda Rita, rafiki yake wa utotoni, ambaye sasa analelewa na jaji na amesomea sheria. Raj anamuua Jagga, anataka kumuua jaji, anashtakiwa. Rita anasimama mahakamani kumtetea na kumhoji mlezi wake mbele ya watu. Raj anafungwa miaka mitatu, na Rita anaahidi kumngoja.

Jina la filamu ni neno la Kihindi na Kiurdu lenye asili ya Kiajemi. Maana yake ni mtu anayetangatanga, asiye na makao. Kwa Kiswahili ni mhuni, na si katika maana ya polisi bali katika ile ya zamani. Filamu nzima ni shauri la kumwuliza mzee mwenye mamlaka: Nani alimfanya mtu huyu kuwa mhuni? Jibu linatolewa mahakamani, na linamwangukia baba. Si kwamba maadili yenyewe yanakataliwa, la hasha. Raj anataka sana kuwa mtu mwema, mama yake ni mfano wa uvumilivu, na Rita anasubiri kama mwanamke mwungwana anavyotakiwa kusubiri. Kinachoshtakiwa ni ukali wa mzee ambaye ameigeuza nasaba kuwa hukumu. Kwa jamii za pwani, ambako maswali ya “huyu mtoto wa nani?” yaliamua ndoa, mirathi na mahali pa kuketi, na ambako kumbukumbu ya utumwa ilikuwa haijafika mbali, shauri hilo halikuwa la Wahindi peke yao.

Ni vema pia kukumbuka kwamba watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Walifuata uso, wimbo na mwendo, wakaulizana, na wale waliokwisha kuiona waliwasimulia wengine. Fair ameeleza jinsi mazungumzo hayo yalivyoendelea majumbani baada ya onyesho, kati ya wake na waume, kati ya mabinti na mama zao. Binti ambaye asingethubutu kumwambia baba yake kwamba anataka kuolewa na ampendaye aliweza kuzungumza juu ya Rita saa nzima, na kila aliyekuwapo alijua kinachozungumzwa. Taarabu ilikwisha kuwa na njia hiyo ya kusema kwa mafumbo, na si ajabu kwamba ilizichukua tuni za filamu za Kihindi kwa wepesi, maana kazi ilikuwa ileile. Miaka tisa baadaye Mughal-e-Azam ilileta shauri hilo katika jumba la kifalme: mwana wa mfalme Akbar anampenda Anarkali, mchezaji ngoma wa ikulu, na baba anaingia vitani na mwanawe. Mfalme Akbar aliigizwa na Prithviraj Kapoor, yuleyule aliyekuwa Jaji Raghunath, na ambaye katika maisha alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor. Watazamaji waliozifuata filamu hizi walipata uso mmoja wa baba mkali, na sauti moja nzito, kwa muongo mzima.

Uhuru haukumaliza mzozo, uliubadilishia wenyewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa vita Dar es Salaam. Andrew Ivaska, aliyeichunguza kampeni hiyo, ameonyesha mabishano yaliyojaa magazetini, barua kwa barua, kuhusu nini ni cha Kiafrika na nani anayevaa kama nani. Zanzibar, kama Thomas Burgess alivyoandika, vita hiyo iligusa sinema moja kwa moja, kwa kuwa watawala waliona ndiko vijana wanakojifunzia suruali za bugaluu. Ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba waliotumwa kuwasimamisha wasichana barabarani walikuwa vijana wenzao. Serikali ilikuwa na wazee wake wapya, ambao baadhi yao miaka kumi na tano nyuma walikuwa wahuni kwa kipimo cha mkoloni, na Kawawa wa Muhogo Mchungu wakati huo alikuwa Makamu wa Pili wa Rais.

Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, ilirithi pia kitenzi kile cha zamani. Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, inamfuata mtu maskini anayekwenda mjini, anakosa anachokitafuta, na kuipata heshima katika kijiji cha Ujamaa. Siasa zimegeuka kabisa ukilinganisha na 1935: adui sasa ni mnyonyaji, na mwokozi ni umoja wa wakulima. Ramani, hata hivyo, ni ileile: mji unapoteza, kijiji kinaponya, na kijana mwema ni yule aliyerudi. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi walikusanywa mijini na kupelekwa mashambani, na neno mzururaji, ambalo lingefaa sana kuwa tafsiri ya Awara, likasikika redioni kila siku.

Huko Usangu, kufikia wakati huo, reli ya TAZARA ilikwisha kukamilika tangu 1975 na barabara ya lami ilikuwa inapita karibu. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, yaliyojengwa kwa msaada wa China, yaliwaleta vijana wa mshahara Rujewa badala ya kuwapeleka Tanga. Mzee wa Kisangu ambaye zamani alimngoja mwanawe arudi kutoka katani alianza kuwaona wana wa wengine wakija kwake, na ubishi juu ya nani ana haki ya kuoa lini, kwa mali ya nani, ukawa unaongozwa na msimu wa mavuno ya mpunga.

Filamu za Vugiri zenyewe karibu zote zimepotea. Zinazohifadhiwa Uingereza hazizidi chache, na zinahusu minyoo, mafunzo ya mifugo na mashamba ya majaribio ya Kingolwira. Gumu haimo. Kinachobaki kuhusu kijana huyo ni maelezo ya Notcutt na Latham katika kitabu chao cha 1937, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na watu wazima wawili, kwa ajili ya watu wazima wengine. Sahani za santuri zilizobeba sauti yake ya Kiswahili, ambazo zingeweza kuonyesha alivyosalimia, alivyoomba radhi na neno alilotumia kumwita baba yake, hazipo.